Kupiga Picha ya Chozi Bustanini

Katika nyanda za juu za Kenya ni bustani chache sana zisizotembelewa na chozi. Iwe ni bustani ya maua mbele ya nyumba mjini Nairobi au Nakuru, iwe ni migomba michache nyuma ya jiko huko Kisii au Murang'a, ndege huyo mdogo hufika asubuhi, akashika ua kwa vidole vyake, akatumbukiza mdomo wake mwembamba uliopinda, akanywa, akaenda zake. Siku ya pili hurudi. Watu wamemzoea hata hawamtazami tena. Lakini tangu simu zenye kamera zilipoenea mijini na mashambani, wengi wametamani kupata picha yake, na wengi zaidi wameambulia picha ya ua tupu, au ya doa jeusi lisilojulikana kama ni ndege au ni jani kavu.

Makala haya yaeleza namna ya kupata picha iliyo njema ya ndege huyo. Yaeleza pia namna ya kuipata pasipo kumpotezea chozi makinda yake, maana jambo hilo hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, na anayelitenda kwa kawaida hana habari kwamba amelitenda.

NDEGE MWENYEWE

Chozi wako wa namna nyingi katika Afrika ya Mashariki. Yule aonekanaye zaidi katika bustani za bara ni mdogo sana, urefu wake sentimita 10 au 11, na uzito wake hauzidi gramu 10. Dume hung'aa rangi ya kijani na samawati kichwani na mgongoni, kifua chake ni cha zambarau, na tumbo ni la manjano. Jike hana mng'ao huo. Mgongo wake ni wa kahawia iliyofifia na chini ana umanjano hafifu. Kwa hiyo watu wengi hudhani kwamba dume na jike ni ndege wa makabila mawili. Mwingine ni chozi mkubwa mweusi mwenye mng'ao kama wa shaba, ambaye dume wake ana manyoya mawili marefu katikati ya mkia. Yuko pia yule mwenye kifua chekundu sana, apendaye bustani zenye miti mikubwa yenye maua.

Chakula chao ni maji matamu yaliyomo ndani ya maua, pamoja na buibui na wadudu wadogo. Hupenda maua ya mshubiri, ya mgomba, na yale ya rangi ya machungwa yapangikayo kwa mafundo kulizunguka shina la mmea, ambao wataalamu huuita Leonotis. Chozi anapokunywa, unga wa ua humshika kwenye paji la uso, naye huupeleka kwenye ua jingine. Kwa njia hiyo mmea hupata mbegu. Katika picha iliyo kali unga huo huonekana wazi, kama mtu aliyetoka kusaga mahindi.

Jambo la kwanza ambalo mpiga picha yampasa kulijua ni kwamba chozi hatangitangi ovyo. Wataalamu wawili wa Kimarekani, Frank Gill na Larry Wolf, waliwachunguza chozi wenye mabawa ya dhahabu karibu na Ziwa Naivasha, wakatangaza matokeo yao mwaka 1975. Waliona kwamba ndege mmoja hujitwalia sehemu yake ya maua na kuwafukuza wengine, kama mtu alindaye shamba. Faida yake ni kwamba maua yasiyonyonywa na wageni hujaa zaidi, hivyo mwenyewe hushiba kwa kazi ya muda mfupi, na saa zilizobaki hukaa kitako akitazama mali yake. Maua yakiwa machache mno hayafai kulindwa. Yakiwa mengi mno hakuna haja ya kuyalinda.

Habari hiyo ni ya thamani kubwa kwa mwenye kamera. Ndege alindaye maua yake ana kijiti chake cha kukalia, na ana njia yake ya kuyazungukia maua. Ajuaye kijiti hicho na njia hiyo hana haja ya kumkimbiza ndege bustani nzima, akikanyaga sukuma wiki na kuvunja mimea.

KUTAZAMA KABLA YA KUPIGA

Kwa hiyo siku tatu za kwanza kamera ikae ndani. Mtu aketi mahali pamoja, kama mita 8 au 10 kutoka kwenye maua, akiwa na saa, karatasi na kalamu. Aandike: chozi alifika saa ngapi, alitokea upande gani, alianza na ua lipi, alikaa wapi alipomaliza, alirudi baada ya dakika ngapi. Siku ya tatu ataona kwamba maandishi yanafanana. Pengine ndege hufika saa moja na robo, akaanza na ua la chini, akapanda juu, kisha akatua juu ya waya wa kuanikia nguo. Basi hapo picha imekwisha kupatikana nusu.

Faida nyingine ya siku hizo ni kwamba ndege naye humzoea mtu. Mtu aketiye kimya kila siku mahali pale pale, amevaa nguo za rangi isiyowaka, huwa kwa ndege kama kisiki. Watoto na mbwa hawawi kama kisiki hata kidogo. Yafaa wapelekwe upande wa pili wa nyumba.

MWANGA NA RANGI

Wengi waliopata picha kali ya chozi dume wameshangaa kuona kwamba ametoka mweusi tititi, hali kwa macho yao walimwona akimeta. Kamera haikukosea. Ule mng'ao wa kijani na zambarau si rangi iliyotiwa katika unyoya kama vile nguo inavyotiwa rangi. Ndani ya manyoya yale mna vipande vidogo sana, visivyoonekana kwa macho, vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka, navyo huurudisha mwanga kwa namna ya kuzaa rangi. Ni jambo lile lile lionekanalo katika povu la sabuni, au mafuta ya taa yakimwagika juu ya dimbwi: ukisogeza kichwa rangi hubadilika, ukisogeza tena hutoweka. Rangi ya manjano ya tumbo ni rangi ya kawaida, na hiyo haitoweki.

Kwa sababu hiyo jua lapasa kuwa nyuma ya mpiga picha, likimwangazia ndege usoni. Jua likiwa nyuma ya ndege, hata kamera ya bei kubwa haitatoa ila kivuli. Na katika nchi hii iliyo juu ya mstari wa Ikweta jua hupanda upesi. Kufika saa nne asubuhi limekwisha kuwa kali na liko juu, likitupa vivuli vyeusi chini ya kila jani. Saa zilizo njema ni kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi, na tena kuanzia saa kumi hadi karibu na magharibi. Siku ya wingu jembamba ni njema pia, ijapokuwa mng'ao hupungua kidogo.

Zaidi ya hayo, mpiga picha yampasa kusubiri ndege ageuze kichwa. Kwa sekunde moja koo lake huwaka kama kaa la moto, kisha huzimika. Ndiyo maana hupigwa picha nyingi mfululizo na kuchaguliwa moja.

SIMU NA KAMERA

Lenzi ya kawaida ya simu imetengenezwa kwa kupiga picha za watu na nyumba, si za ndege. Kwa umbali wa mita 5, chozi hachukui hata sehemu moja ya hamsini ya upana wa picha. Wengi hapo huikuza picha kwa kutanua vidole juu ya kioo. Katika simu nyingi kufanya hivyo si kumsogeza ndege bali ni kukata picha na kutanua kilichobaki, nacho hutoka kikiwa na ukungu.

Njia iliyo bora ni kuiacha simu karibu na ua na mtu mwenyewe akae mbali. Simu ikiwa nusu mita kutoka kwenye ua, ndege huyo huyo huchukua kama sehemu moja ya saba ya upana wa picha, nayo yatosha sana. Simu iegemezwe juu ya kijiti chenye panda kilichosimikwa ardhini, au juu ya mfuko mdogo wa maharagwe uliowekwa juu ya kigoda. Mfuko wa maharagwe ni chombo kizuri kupita kiasi: hushika simu imara, haugharimu kitu, na kazi ikiisha maharagwe huliwa.

Lakini simu isiwekwe kwa ghafula. Siku mbili kabla, pawekwe pale pale kopo tupu au kipande cha ubao chenye ukubwa wa simu, ili ndege akizoee. Akisharudi na kunywa kama kawaida, kopo liondolewe na simu iwekwe mahali pake. Mlio wa kamera uzimwe. Kioo kibonyezwe na kushikiliwa mahali ua lilipo, ili simu isihangaike kutafuta kitu kingine. Simu nyingi zaweza kupiga picha kwa kubonyeza kitufe cha sauti kilicho kwenye visikilizio vya masikioni, hata mtu akiwa mbali kiasi cha urefu wa waya. Asiyekuwa navyo aiache simu ikichukua video kwa dakika kumi, kisha aitazame na kuchagua. Picha itokayo katika video si kali kama picha yenyewe, lakini ni afadhali kuliko ua tupu.

Mwenye kamera yenye lenzi ndefu ya milimita 400 ana raha zaidi. Kwa mita 5 chozi huchukua zaidi ya sehemu moja ya tano ya upana wa picha ya kamera kubwa. Kwa ndege aliyetua, mwendo wa sehemu moja ya 500 ya sekunde watosha. Anapopigapiga mabawa mbele ya ua, yafaa 1,000 au zaidi. Taa ya kamera iachwe. Humshtua ndege, na huyafanya manyoya yang'aayo yaonekane kama bati.

KUJIFICHA

Hila ya kumzoeza ndege kitu kisichomtisha ni ya zamani. Mwaka 1892, huko Uingereza, ndugu wawili, Richard na Cherry Kearton, walipiga picha ya kiota cha ndege chenye mayai, na mwaka 1895 wakatoa kitabu cha viota vya ndege ambacho picha zake zilikuwa za kamera, si za kuchorwa kwa mkono. Kamera za siku hizo zilikuwa masanduku mazito. Ili kuwakaribia ndege, ndugu hao walimchukua ng'ombe aliyechinjwa, ngozi yake ikatandazwa juu ya kiunzi cha mbao, na mpiga picha akaingia ndani na kamera yake, lenzi ikichungulia tunduni. Ndege wa malishoni, kwa kuwa huona ng'ombe kila siku, hawakujali. Cherry Kearton baadaye alifika Kenya, na mwaka 1909 alichukua sinema za safari ya Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani.

Hakuna haja ya kuchinja ng'ombe kwa ajili ya chozi. Magunia mawili yaliyoshonwa na kuning'inizwa juu ya vijiti vinne hutosha kuwa kibanda, nacho kiachwe kitupu siku chache kabla ya kutumiwa. Wapiga picha wa zamani walikuwa na ujanja mmoja ambao hata leo hufaa. Watu wawili huenda pamoja kwenye kibanda. Mmoja huingia, wa pili huondoka akitembea waziwazi. Ndege hajui kuhesabu. Akimwona mtu ameondoka, huona kwamba watu wameondoka.

KIOTA

Sasa yafika jambo lililo zito kuliko yote yaliyotangulia. Mtu aliyemfuata chozi kwa siku nyingi ataona siku moja jike akibeba uzi wa buibui au unyasi mkavu. Akimfuata, atakiona kiota: kifuko kinachoning'inia kwenye ncha ya tawi, kimefumwa kwa nyasi na utando wa buibui, mlango wake uko ubavuni, na juu ya mlango pana kijibaraza cha kuzuia mvua. Huning'inia chini chini, pengine usawa wa kifua cha mtu, na hata karibu na dirisha. Ni kizuri mno, na mkono wa mwenye simu huwasha.

Ndani yake mna yai moja au mawili. Jike huyaatamia peke yake kwa muda wa majuma mawili hivi, na makinda hukaa kiotani majuma mawili mengine kabla ya kuruka. Mtu asimamapo karibu, jike hatarudi kuatamia. Hukaa mtini akilia. Huko Limuru au Kinangop, asubuhi ya baridi ya mwezi wa Julai, yai dogo kama lile hupoa upesi. Na kinda asiyelishwa kwa saa moja si kama mtoto aliyekosa chai; huyo hula mara nyingi katika kila saa, na hana akiba mwilini.

Liko kosa jingine lililo baya zaidi, nalo hutendwa na watu wenye nia njema kabisa. Mtu huona majani mawili au matatu yakiziba kiota, akayakata au kuyafunga pembeni ili picha iwe safi. Majani yale ndiyo yaliyokuwa paa la kuzuia jua na pazia la kumzuia kunguru asione. Mpiga picha hurudi nyumbani akiwa na furaha, akawaonyesha jamaa zake picha. Alasiri kunguru huja, au nyoka, au paka aliyeifuata njia iliyokanyagwa majanini, na jioni kiota ni kitupu. Mtu huyo husema, "Makinda yameruka," hali hayakuwa na manyoya ya kurukia.

Basi sheria ya wapiga picha walio waungwana ni hii: kiota chenye mayai au makinda kisikaribiwe kwa ajili ya picha. Atakaye kupiga picha ya jike akileta chakula, na apige kwa lenzi ndefu kutoka mbali, kutoka dirishani ikiwezekana, kwa dakika chache, bila kugusa jani hata moja. Na ndege mwenyewe ndiye hakimu. Akiwa na buibui mdomoni na bado haingii, akiruka kutoka tawi hadi tawi, akipigapiga mabawa na kulia mlio mkali wa kukatika, mtu aondoke papo hapo. Asingoje hata picha moja ya mwisho.

Wala picha ya kiota isipelekwe kwa watu ikiwa yaonyesha mahali kilipo. Wavulana wenye manati wana simu pia, au kaka zao wanazo.

Si mayai na makinda tu yaliyo hatarini. Eric Hosking, Mwingereza aliyekuwa hodari sana wa kupiga picha za ndege, alikuwa akirudi usiku kwenye kibanda chake karibu na kiota cha bundi mwaka 1937. Bundi alishuka gizani pasipo sauti, akampiga usoni kwa kucha zake, na Hosking akapoteza jicho la kushoto. Hakuacha kazi yake, aliiendeleza kwa jicho moja hadi uzeeni. Chozi hawezi kumtendea mtu hivyo kwa udogo wake, lakini hofu aliyo nayo mzazi wa kiota ni ile ile.

Watu wengine huwaita ndege kwa kupiga sauti zao zilizorekodiwa simuni. Chozi dume akisikia sauti ya dume mwingine hudhani amevamiwa, akaacha kula, akatafuta adui asiyekuwepo. Ni ndege mgomvi kwa tabia. Hupigana hata na sura yake mwenyewe katika kioo cha gari au dirisha, siku baada ya siku. Haifai kumwongezea vita. Atakaye chozi wengi apande mishubiri karibu na dirisha, akasubiri mpaka itoe maua.

KUWEKA KUMBUKUMBU

Picha isiyo na maandishi hupoteza nusu ya faida yake. Yafaa kuandika tarehe, saa, mahali, jina la mmea ambao ndege alikuwa akinywa, na alilokuwa akilitenda. Kwa kutambua aina ya chozi, picha ya ubavu mzima ionyeshayo mdomo, tumbo na mkia ni bora kuliko picha ya uso tu, ijapokuwa ya uso hupendeza zaidi. Chozi majike wa aina mbalimbali hufanana sana, na mara nyingi picha hukata shauri ambalo macho hayakuweza kulikata.

Kumbukumbu hizo zina mahali pa kwenda. Mpango uitwao Kenya Bird Map, ambao Makumbusho ya Taifa ya Kenya yanashiriki, hukusanya orodha za ndege walioonekana nchini, nchi ikiwa imegawanywa katika viwanja vyenye upana wa kilometa 9 hivi kila kimoja. Mtu wa kijijini mwenye kutazama bustani yake mwaka mzima aweza kujua habari za kiwanja chake kuliko mtaalamu apitaye siku moja kwa gari.

Aweza pia kuona mambo ya ajabu. Kuna ndege mdogo wa jamii ya kekeo, mwenye mgongo wa kijani, ambaye hajengi kiota bali hutaga yai lake katika kiota cha chozi na kuwaachia wenyewe kazi ya kulea. Kinda akishatoka kiotani, chozi huonekana akimlisha mtoto aliye mkubwa kuliko yeye mwenyewe, akisimama kama mtu aliyepanda ngazi ili amfikie mdomoni. Kwa wakati huo kiota kimekwisha kuachwa, kinda yuko nje tawini, naye hupiga kelele mchana kutwa akidai chakula, hata kumtafuta si kazi. Mwenye lenzi ndefu na mwanga nyuma yake aweza kupiga picha hiyo kwa mita 8 au 10 pasipo kumdhuru yeyote, kisha aandike tarehe.